Wembe ndio undo yetu

Nimerudi nyumbani saa hii kutoka NAICCON, lile kongamano la komiki la Nairobi, na miguu imefura, lakini wacha niandike kabla usingizi unibebe. Kila mwaka naambia mama watoto huu ndio wa mwisho, sitaenda tena, na kila mwaka najipata hapo tena na meza yangu ndogo na chupa ya wino mweusi, majirani wote wakiwa na tableti na mimi ndio mzee peke yangu mwenye kuchovya kalamu. Sasa leo kasichana ka miaka kumi hivi, kamevaa mabawa ya katoni yameshikwa na gundi na selotepu, kamesimama kakaniangalia nikichora weeee mpaka kakauliza, "Guka, na ukikosea una-undo aje?" Yaani unafuta kosa aje, vile wao hufanya kwa tableti. Nikatoa wembe kwa mfuko, nikakwaruza ule mstari pole pole mpaka karatasi ikabaki nyeupe, kisha nikasugua na ukucha ndio wino usisambae nikichora tena juu. Akaita marafiki wake wote waje waone! Nikawaambia sisi tulikua tukingoja Taifa Leo tusome katuni ya Juha Kalulu, ya mchoraji mzee Gitau, fremu chache tu kwa siku, ukimaliza unangoja kesho. Hawamjui kabisa. Shujaaz, ile komiki ya vijana, wanaijua, na hata hiyo ilianza 2010, kabla wazaliwe. Nimeuza picha nne pekee, pesa ya meza haijarudi. Wembe nao kasichana kaliomba, nikakataa, nikakapea kalamu.