Zuhura kwenye kibao cha udongo

Leo nimeganda mbele ya kabati la kioo pale British Museum, London, mpaka mlinzi akaanza kunitupia jicho. Kibao chenyewe cha udongo hakifiki hata sentimita 20, kimejaa vialama vya kabari, yale maandishi ya kale, vidogo kama vya unyayo wa ndege. Ni nakala kutoka Ninawi, mji wa kale wa Waashuri: siku sayari ya Zuhura ilipochomoza na ilipozama, miaka 21, enzi za mfalme Ammisaduqa wa Babeli.

Halafu mtu anakwambia elimu ya nyota ilianza kwa Wagiriki! Jiometri wameleta, tuwape haki yao. Lakini Ptolemy mwenyewe, yule mtaalamu wa nyota wa Kigiriki, kule Aleksandria karne ya 2 BK, alitegemea kumbukumbu za Wababeli za kupatwa kwa mwezi tangu 721 KK. Na dakika 60 kwenye saa yako? Hesabu ya sitini-sitini, ya huko huko Babeli.