Bikoni ya nne

Jumamosi ya tatu leo nazunguka na dalali wa mtaani kwetu. Siku nyingine niko dukani nauza kava na chaja za simu, mshahara unakata roho tarehe 15. Ofisi ya kaka huyo ni benchi chini ya mwembe, daftari na simu mbili. Wiki jana alipangisha chumba na sebule Segerea, akachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake kama kawaida, mimi akanitoa elfu hamsini. Kwa kubeba funguo! Usiku sikulala, napiga hesabu.

"Mdogo wangu, vyumba ni hela ya chai," akaniambia. "Hela yenyewe iko kwenye viwanja, kwenye cha juu." Mwenye mali anataka milioni nane, wewe unataja tisa na nusu.

Leo tukaenda Chanika. Mteja mama mstaafu, kavaa kandambili, viatu vyake vizuri kavitia kwenye mfuko kwa sababu ya tope. Kiwanja 20 kwa 20, kimepimwa, ndivyo tulivyomwambia. Bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, tatu nimeziona kwa macho yangu, zege limesimama na namba zake. Ya nne hakuna. Kaka akapekua majani kwa fimbo, akasema mvua imeifukia, akahamia kwenye habari za nguzo za umeme. Mama akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ingekuwa hela yako ungenunua?"

"Mama, nenda kwanza ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, wafanye upekuzi. Ukishaona jina la mwenye hati, ndio tuongee."

Kwenye daladala kaka alikaa kimya mpaka Pugu. Halafu: "Ulichosema ni kweli. Ila si wewe wa kukisema."

Hapo ndipo nilipokwama. Mdomo ninao, jua nalistahimili, watu wananiamini haraka, na hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha. Karibu na kwetu kuna ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Nimepita pale miaka nikicheka. Aliyeandika alikuwa anamkimbia mtu wa kazi hii hii, mwenye mdomo kama wangu.

Saa tatu hii usiku kaka katuma meseji: "Jmosi Goba. Njoo na fimbo yako, bikoni utatafuta mwenyewe."

Sijajibu. Ila viatu nimeshaviosha tope.