Kadi za mia tano

Kadi moja nachapa kwa shilingi 300, ukitaka ilaminetiwe ni 500. Inaenea kwenye kiganja cha mtoto, pembe zake nimezikata mviringo, na usoni yupo kijana wa Kikorea mwenye poda na nywele zilizotiwa rangi. Duka langu la steshenari lipo Kikwajuni, mjini Unguja. Asubuhi napata watu wa vyeti vya kuzaliwa na barua za sheha. Jioni wanaingia wasichana wa miaka 10 mpaka 14 wakitoka chuo cha Kurani, juzuu kwapani, wamekuja kumchukua Jungkook wao na Jimin wao.

Kwa asiyejua, BTS ni kundi la vijana saba wa Korea Kusini lililoanza mwaka 2013. Albamu zao zinauzwa na kadi za picha ndani, na hujui umepata ya nani mpaka uifungue. Ndiyo maana mtu ananunua albamu ileile mara nne, mara tano, anamwinda kipenzi chake. Kikwajuni albamu hazifiki. Nipo mimi na printa yangu. Watoto wanaleta picha kwenye simu ya mama, nazipanga tisa kwenye karatasi moja, nakata, nalamineti, kisha biashara inahamia barazani: Jungkook mmoja kwa wawili wengine, na asiye na kadi anaruhusiwa kuangalia lakini asishike.

Mimi ni Mkatoliki. Babu yangu alikuja Unguja kutoka Unyamwezini kuchuma karafuu, akaoa, akabaki, na sisi tumezaliwa hapa hapa. Jumapili ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto wa Kikatoliki, kwenye kigango chetu. Kwa hiyo wapo wenzangu wa kanisani wanaoniuliza: Jumapili unawalea watoto, Jumatatu unawachapia sanamu? Nimeulizwa vya kutosha, leo najibu kwa maandishi.

Kwanza niondoe lisilonisumbua. Hapa kwetu ukitaja muziki na watoto, wazazi wanaruka moja kwa moja kwenye maneno ya wimbo na viuno. Machi 2024 baraza letu la sanaa na utamaduni lilimfungia Zuchu miezi sita asifanye shughuli za sanaa Zanzibar kwa sababu ya onesho lake la Kendwa, na wiki ile kila aliyeingia dukani alikuwa na fatwa yake. Zuchu ni mtoto wa hapa, binti wa Khadija Kopa, kwa hiyo watu walisema kama wanavyosema mtoto wa jirani. Sina ugomvi na wanaochunga maneno machafu, wachunge. Lakini hawa watoto wangu wa kadi wanasikiliza Kikorea. Maneno hawayajui. Ungewaimbia tangazo la sabuni kwa lugha hiyo wangelia machozi.

Kisha wapo wa Freemason. Shemeji yangu mmoja hunitumia video za kuonyesha kwamba nyota wakikutanisha kidole gumba na cha shahada wanaita majini. Ni kopa, shemeji. Ni alama ya kopa, maana yake nakupenda, kila mtoto wa mtaani anaijua. Nimechoka kueleza.

Sasa linalonisumbua.

Tarehe 1 Septemba ni siku ya kuzaliwa Jungkook. Alizaliwa mwaka 1997, kwa hiyo ni mtu mzima kabisa wa kuitwa mjomba, lakini ukisema hivyo utanuniwa wiki nzima. Mwaka jana wasichana walichanga wakanunua keki ndogo yenye sukari ya zambarau juu, ndiyo rangi ya mashabiki wa kundi hilo, na mimi nikawachapia picha yake ya A3. Wakaibandika kwenye ukuta wa baraza kwa selotepu. Wakaimba, wakapuliza mshumaa kwa niaba yake, wakakata. Kipande cha kwanza hawakukila. Walikitia kwenye kisahani, wakakiweka chini ya ile picha, sawasawa katikati, na mmoja akakisogeza tena kidogo kushoto ili kikae vizuri.

Pale barazani hukaa muuza nazi, jirani yangu wa siku nyingi, Mwislamu anayeswali zake tano. Ananiita padri kwa sababu ya msalaba ulio juu ya kaunta. Akatazama kisahani, akanitazama mimi. "Padri, hii dini yenu au imeletwa mpya?"

Nikamuuliza mkubwa wao, kile kipande cha nani? "Cha Jungkook." Kwani atakuja? Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mzee asiyejua kutuma pesa kwa simu. Ningeishia kucheka, ila ndugu mdogo wa mmoja wao, wa miaka kama minne, alipita mbio akakitwaa kipande akakitia chote mdomoni. Walimrukia. Mmoja alilia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyetukaniwa mzazi. Keki nyingine ilikuwepo tele. Hakuna aliyewafundisha kuweka chakula mbele ya picha, hawajakiona popote mtaani kwetu, na bado mikono yao ilijua la kufanya.

Hilo ndilo naliogopa, na halimo ndani ya wimbo. Moyo wa mtoto umeumbwa kumwelekea mtu kwa nguvu zake zote, na wapo watu wenye ofisi na mahesabu waliolijua hilo mapema kuliko makatekista. Wimbo mpya ukitoka Seoul saa saba mchana, hapa ni saa moja asubuhi, na mtoto aliyestahili kuwa njiani kwenda skuli anaficha simu chini ya meza akiurudia bila kusikiliza, maana kila ukirudiwa idadi ya watazamaji inapanda. Bando la baba linakwisha kabla ya chai. Anafanya kazi, tena kwa furaha, na anayelipwa yuko mbali.

Binti mmoja wa sekondari alinionyesha programu inayoitwa Bubble. Unalipia kila mwezi kwa kila msanii unayemtaka, naye anakuandikia. Umekula? Usichelewe kulala. Ujumbe ni mmoja, unakwenda kwa maelfu, lakini kwenye simu yako unaonekana kama mazungumzo ya watu wawili, na ukiandikisha jina lako, programu inalipachika hapo ionekane umeitwa wewe. Anayelipia kwao ni kaka yake aliye Dubai. Nilimuuliza kama anajua kwamba ni mashine inayoweka jina. Anajua. "Lakini nikisoma najihisi nimekumbukwa," akasema. Sikumjibu kitu, na mpaka leo sidhani kama palikuwa na la kumjibu. Nyumbani kwao wako tisa.

Sisi tuliokulia mjini tulikuwa na nyota wetu, tena wakubwa. Bi Kidude aliimba Ulaya na kwingineko, mwaka 2005 akapewa WOMEX, tuzo ya kimataifa ya muziki, na bado ungemkuta barabarani na sigara yake, akakutania mpaka ukatafuta pa kupitia. Alipofariki Aprili 2013, waliomlilia ni watu waliomjua kwa kasoro zake. Huwezi kumfanya mungu mtu uliyemwona akibishana bei ya pweza. Hata kwenye taarabu, ukimpenda mwimbaji unainuka, unamwendea, unamtunza. Noti inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwake, anakuona, na kesho mkikutana anajua alikula pesa yako. Tulipenda, tulipumbaa, wengine walifilisika kwa kutunza. Lakini aliyependwa alikuwa na uso.

Wala nisiwaonee watoto. Pita Shangani siku yoyote, pale nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia yake ikaondoka mwaka 1964, na tangu 2019 pana makumbusho yake. Wazungu wenye mvi wanasimama mlangoni wakifuta macho. Na wanaume wa maskani yetu siku Simba na Yanga wanacheza? Nani anayethubutu kumsemesha mtu? Watoto wanatuona.

Utoto Mtakatifu ni shirika la zamani. Lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na askofu mmoja wa mji wa Nancy, Charles de Forbin-Janson, na mpango wake ulikuwa mwepesi: watoto wawaombee watoto wengine wa mbali ambao hawatawaona kamwe, na watoe sarafu kwa ajili yao. Kila Jumapili kigangoni kwetu watoto wanaandika nia zao kwenye vikaratasi, wanavitia kikapuni, nami navisoma. Bibi apone mguu. Baba apate kazi. Nipasi hesabu. Paka wetu.

Mapema mwaka 2024 kikatoka kikaratasi: tuwaombee BTS wote saba warudi salama kutoka jeshini. Wakati huo wote saba walikuwa kwenye utumishi wa lazima. Korea Kusini kijana wa kiume hakwepi hilo kirahisi, awe nyota awe mvuvi. Watoto wakaangua kicheko. Mlezi mwenzangu, dada mmoja mwenye imani kali kuniliko, alinikanyaga mguu chini ya meza nikipitishe kimyakimya.

Nilikisoma. Nilikisoma kwa sauti ileile niliyosomea mguu wa bibi, na tukasali Salamu Maria moja kwa ajili ya vijana saba wa Korea. Tukabishana baadaye, mimi na yule dada, njia nzima mpaka kituo cha daladala. Yeye aliona nimeingiza muziki wa dunia kwenye sala. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayeombewa ni mtu mwenye shida. Anaweza kuumia, kuumwa, kufa. Ukishamwombea umekwisha mshusha kutoka kule juu, amekaa foleni moja na bibi mwenye mguu na yule paka, wote wanangoja kwa Mungu mmoja. Yule msichana alikuwa amefanya, bila kuambiwa, kile nilichokuwa nakitafuta kwa mahubiri ya miezi.

Jumapili iliyofuata niliwasomea Herode wa Matendo ya Mitume sura ya 12: kavaa mavazi ya kifalme, kakaa kitini, kahutubia, na watu wakapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Akakubali. Akaliwa na chango, akafa. (Chango waliwafurahisha mno, ikabidi nirudie.) Kisha sura ya 14, Listra, watu wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wanaleta na ng'ombe wa kuchinja, na wale wawili wanararua nguo zao na kuruka katikati ya umati wakilia kwamba wao ni binadamu tu. Nikawauliza, waliokuwa wanapiga kelele kwa Herode walimpenda? Msichana wa kikaratasi akasema hapana, walimuua.

Sikutegemea jibu hilo. Nililikumbuka Oktoba mwaka ule ule, Liam Payne wa One Direction alipoanguka kutoka roshani ya hoteli kule Buenos Aires akafa na miaka 31. Kundi lao liliundwa kwenye mashindano ya televisheni ya Uingereza mwaka 2010. Alikuwa na miaka 16, na kelele zikaanza siku hiyo.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu na watoto hawa. Kadi nachapa. Sichani picha ya mtoto na simwambii Jungkook ni shetani, kwa sababu si shetani, na mtoto akishagundua umemdanganya hapo hatakuamini ukimwambia habari za Yesu. Namwuliza tu huyu wako leo anahitaji nini. Mwanzo wananishangaa. Siku hizi wapo wanaojibu: amechoka, watu wanamfuata mpaka uwanja wa ndege, hana pa kulia. Wanajua mambo mengi kuliko nilivyodhani, na wana huruma.

Lakini na wao wana maswali yao. Msichana yule yule alikuja kwangu na mama yake kuchukua fomu za kipaimara, akaona ukutani picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na chini yake maua ya plastiki na taa ndogo anayoiwasha mke wangu. Akaniuliza, mwalimu, na huyu je? Muuza nazi, aliyekuwa ametuletea nazi zetu, alijifanya hasikii huku mabega yakimtikisika. Nilimwambia Teresia nasi tunamwomba atuombee, hatumwabudu, naye hauzi kitu. Akaitazama taa. "Lakini mnamwashia," akasema. Ndiyo, tunamwashia. Tuliongea mpaka mama yake akaita waondoke, na sidhani kama amekubali.

Ndiyo maana sielewani na katekista wetu kuhusu Carlo Acutis. Kijana huyo alifariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alipenda kompyuta, amezikwa Assisi na jinzi na raba zake, na Septemba 7, 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu. Katekista anataka nimchapie kadi, saizi ileile, pembe mviringo, zigawiwe bure ili zishindane na za Wakorea. Nia yake njema naijua. Ila naona kesho yake barazani: Carlo wawili kwa Jungkook mmoja, na Carlo mwenye raba nyekundu adimu kuliko Carlo mwenye begi. Nimemwambia nitachapa, bila malipo, iwapo nyuma ya kila kadi pataachwa wazi, mtoto aandike kwa mkono wake jina la mtu mgonjwa anayemjua, na kadi abaki nayo yule mgonjwa. Katekista anasema hiyo si kadi tena. Tumeahirisha mpaka baada ya Pasaka.