Siku moja na macho yangu yasiyotulia

Saa 11:40 alfajiri. Kituo cha mwendokasi, Kimara. Mlango ukifunguka sote ni mabega na viwiko, hakuna cha kujifunza hapo. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa huniita dokta wa mazoezi. Mke wangu anasema ipo siku nitapigwa kwa kukodolea watu wanavyotembea.

Saa 1:10 asubuhi. Nimeshuka Kivukoni. Mama mmoja anatoka Feri na beseni la samaki kichwani, mikono inaning'inia tu, shingo haitikisiki. Mwaka 1986 watafiti waliowapima akina mama wa Kenya waliandika kwamba aliyezoea hubeba hadi asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi. Mimi na ndoo ya lita 20 tusijuane.

Saa 3:15. Mzee kaja kwa ajili ya goti. Nampa kipimo cha kawaida: inuka kwenye kiti, tembea mita 3, geuka, rudi, keti. Kanyoosha mgongo kama anakagua gwaride. Sekunde 11. Safi, maana kuanzia 12 ndipo tunaanza kuhofia kuanguka. Nikamuaga.

Bahati nzuri niliacha mlango wazi. Akiwa koridoni, kijana wake akamuuliza kitu. Mzee akasimama. Akajibu, akaendelea. Akaulizwa tena, akasimama tena, safari hii kidole kimegusa ukuta. Hawezi kutembea na kuongea kwa wakati mmoja! Mbele yangu alikuwa anatembea kwa akili yote, na nyumbani nani atampa nafasi hiyo?

"Mzee wangu, samahani, rudi kidogo."

"Nimesahau nini, mwanangu?"

Tukarudia kipimo, ila sasa ahesabu kurudi nyuma kutoka 100, akitoa tatu tatu. Kwenye 91 miguu ikaanza kuburuzika. Sekunde 17. Mpango wa mazoezi nikauandika upya, na kijana nikamwambia aondoe ule mkeka wa mlangoni.

Saa 7 mchana. Wali maharage. Baadaye wagonjwa wawili wa kiharusi, mguu unachora nusu duara, mkono umeganda kifuani. Hao hata mtoto anawaona.

Saa 10:45 jioni. Kwa fundi viatu, karibu na kituo. Kavipindua viatu vyangu, kavitazama kama mganga.

"Dokta, cha kushoto soli imekwisha, cha kulia kizima. Huo mguu wa kulia unauonea huruma, una nini?"

Niliteguka kifundo uwanjani mwezi wa tatu. Nikamwambia hauna kitu.

Kagonga msumari wa mwisho, kanirudishia. "Haya, vaa. Tembea mpaka nguzo ile, kisha urudi."

Nikatembea, mgongo nimeunyoosha kama yule mzee.