Dari imeshuka, redio imejifunga

Jumapili jioni.

Toyota Vitz au IST ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaweza kuvuka kilomita 250,000 na bado ikawaka kwa mkupuo mmoja wa ufunguo. Umri unauona ukifungua mlango: kitambaa cha dari kimetuna kama tanga, kioo cha abiria kinapanda kikipenda, redio inakoroma. Nashikilia kwamba nyingi ya kero hizi zilichorwa mezani. Mchoraji aliliona gari likiwa na miaka mitano, kwenye baridi ya Japani. Hakuliwazia likiwa na miaka ishirini, limeegeshwa juani Tanga mchana kutwa.

Tuanze na dari, maana ndiyo inayowaliza wengi na ndiyo inayotengenezwa vibaya zaidi. Kitambaa kile hakikubandikwa moja kwa moja kwenye ubao. Katikati kuna sponji nyembamba, milimita 3 hivi, na sponji ndiyo iliyopakwa gundi. Joto na unyevunyevu huila taratibu mpaka inageuka unga wa kahawia. Pitisha kidole, kinatoka kama kimechovya ugoro. Kwa hiyo fundi anayepiga gundi kwa sindano kupitia kitambaa anagundisha unga. Zile pini za kusokota nazo ni za kuvumilia tu hadi mwisho wa mwezi.

Kazi yenyewe inataka ubao utoke. Kabla ya kugusa chochote, angalia plastiki za nguzo za pembeni: zikiwa na maandishi SRS, kuna mto wa hewa uliokunjwa kandokando ya dari. Toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 ndipo ufungue. Kisha ondoa vizuia jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, plastiki za nguzo, na uvute raba za milango upande wa juu. Klipu za plastiki zilizokauka zitavunjika, kwa hiyo nunua kumi za akiba mapema. Kwenye gari la mlango wa nyuma, laza viti vyote na uutoe ubao kwa nyuma, watu wawili, bila kuukunja. Ukishakunjika, ule mstari utauona kila siku hata chini ya kitambaa kipya.

Sasa sehemu ambayo mafundi wenye haraka huiruka: kung'oa kitambaa cha zamani na kusugua unga wote kwa brashi ya nailoni mpaka ubao ubaki mtupu. Hii peke yake inaweza kula saa nzima, na vaa barakoa. Kitambaa kipya kiwe kile chenye sponji yake mgongoni. Ukitumia kitambaa kitupu, kila kibonde cha ubao kitaonekana. Pima urefu na upana, ongeza sentimita 10 kila upande. Gundi iwe ya kupuliza inayostahimili joto, walau nyuzi 70, kwa sababu gundi ya kawaida ya makochi hulainika gari likifungwa juani. Puliza pande zote mbili, ubao na sponji, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa inanata bila kuachia uzi. Anzia katikati, kunja nusu ya kitambaa, lainisha kwa kiganja kuelekea pembeni, kisha nusu ya pili. Ukibonyeza kwa nguvu unaipondaponda sponji na gundi inachomoza juu kama doa la mafuta, nalo halitoki.

Umemaliza, umerudisha betri, redio imekufa. Hapa ndipo uchoraji wa mezani unaponiudhi kabisa. Redio nyingi za ramani za Toyota zinazotumia kadi ya SD zikikatiwa umeme hudai ile kadi yao ya ramani ndipo zifunguke, tena kwa Kijapani. Kadi ikiwa ilibaki Japani, au mtu aliifuta aweke nyimbo, umebaki na kioo kinachoonyesha maandishi. Basi kabla ya kugusa betri, hakikisha kadi ipo na haijafutwa. Na ile sauti ya kike inayokukaribisha kila ukiwasha ni kisomaji cha kadi ya ushuru wa barabara za Japani, kinalalamika kwamba hakina kadi. Fuata waya wake, chomoa plagi, kimya.

Halafu mawimbi. Redio za Kijapani za miaka ile husoma FM kuanzia 76 hadi 90, dirisha la megahezi 14. Sisi tunarusha kuanzia 87.5 hadi 108, megahezi 20 na nusu. Kile kibokisi cha kushusha mawimbi hukaa kati ya waya wa antena na redio na kupunguza namba fulani, 12 au 20 kutegemea ulichonunua. Ukiwa Dar na kibokisi cha 12, EFM ya 93.7 utaipata kwenye 81.7. Cha 20 kingeitupa 73.7, nje ya dirisha. Nairobi, Radio Citizen ya 106.7 inakuja 86.7 kwa kibokisi cha 20, na kwa cha 12 huipati. Hakuna kibokisi kimoja kitakachokupa zote, kwa hesabu tu, hata muuzaji aape. Waya wake mwekundu uunge kwenye umeme wa ACC, ule unaokuja tu ukizungusha ufunguo, ukiuunga wa moja kwa moja utanyonya betri usiku kucha. Mimi ningebadilisha redio nzima. Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio ya kawaida ni kama 180, kwa hiyo omba na vile vipande viwili vya plastiki vya pembeni, la sivyo itabaki na mapengo.

Vioo, kwa kifupi. Kioo cha abiria kikigoma, usikimbilie mota. Kwenye Toyota nyingi za zamani umeme wa mota ile hupita pia kwenye swichi kuu ya dereva, na vidole vyake vya shaba vikishika masizi, mlango wa upande wa pili ndio unaokufa. Fungua swichi ya dereva, piga msasa namba 1000 kwa wepesi, safisha kwa spiriti. Kikipanda kwa kusuasua, puliza silikoni kwenye raba za reli. Grisi usiweke, inakamata vumbi na kuwa kama msasa.

Mita kuwekwa katikati, hilo sijalisamehe. Dashibodi moja ikafaa usukani wa kulia na wa kushoto, kiwanda kikaokoa fedha, na abiria akapata kazi ya kusoma spidi kwa sauti.

Ila vile vitufe vitatu vya kuzungusha vya kiyoyozi, hapo walipatia. Kimoja kikizunguka bure, mara nyingi ni kebo imetoka kwenye klipu nyuma ya dashibodi, dakika kumi na bisibisi moja.