Watoto 137, ubao mmoja: nilivyofundisha kusoma nikiwa mwalimu wa kujitolea Katavi

Kabla sijaondoka, kila mtu alikuwa na ushauri. Beba vitabu vya hadithi. Beba picha za rangi. Beba spika ya sola, watoto wasikilize nyimbo. Nilibeba vyote, na kilichonifaa kuliko vingine ni katoni lililofungiwa vile vitabu. Nitalieleza mbele.

Mambo ya barua za kuomba kujitolea sina mengi ya kusema: unaanzia kwa mwalimu mkuu, yeye anakuelekeza kwa afisa elimu kata, na mtendaji wa kijiji lazima akufahamu kabla hujashusha begi. Nauli ilinila kama laki moja na kitu, sikumbuki vizuri. Chakula wazazi walichanga mahindi, chumba nilipewa.

Kijiji ni cha wakulima wa tumbaku na wafugaji wa Kisukuma. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 137. Uwiano rasmi wa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo mimi nilikuwa walimu watatu na chenji. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa ya kwanza yalijaa hivyo sehemu nyingi, wala si kioja. Vitabu vya kusoma vilikuwepo, kimoja kwa watoto wanane au tisa, na wa pembeni husoma kichwa chini. Nikaamua kazi yote ibebwe na ubao, mchanga na vizibo vya soda.

Tuanze na ubao, maana ndio ulionitesa.

Ulikuwa plasta ya saruji ukutani, mita moja na kidogo kwa mbili na nusu, umepauka, una mabaka, na katikati shimo la kuingia ngumi. Kuziba shimo ni rahisi: saruji kipimo kimoja, mchanga uliochekechwa vipimo vitatu. Ila lowesha plasta ya zamani kwanza hadi ishibe maji. Ikiwa kavu itanyonya maji ya kiraka, na kiraka kitadondoka kama gamba. Kisha kimwagilie asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Rangi ndiyo ilileta maneno. Ushauri wa kwanza: mkaa uliotwangwa na maji. Nilipaka, ukapendeza, nikaandika irabu tano, nikafuta, na ubao ukaondoka na kifutio. Mkaa hauna cha kuushikilia ukutani. Ushauri wa pili: mkaa na uji mwepesi wa muhogo. Huu unashika kweli, na kama huna shilingi utumie, lakini ni wa kiangazi tu. Masika unavuta unyevu, unaota ukungu, na mende wanaujia usiku kwa sababu kwao ule ni ugali. Asubuhi unakuta ubao una ramani. Ushauri wa tatu, ambao nasikia bado unatolewa kwa kujiamini sana: pasua betri kuukuu za redio, chukua ule unga mweusi. Usifanye. Unga ule ni manganizi na chumvichumvi za betri, na ubao unafutwa mara ishirini kwa siku mbele ya watoto wanaokaa chini, pua zao zikiwa palepale vumbi linapotua.

Ushauri wa nne ulitoka kwa fundi, nikauamini kwa kuwa alikuwa fundi. Akasema rangi nyeusi ya mafuta, ile inayong'aa, haitoki hata kwa mvua ya mawe. Ni kweli haitoki. Chaki nayo haiingii. Inateleza kama juu ya sabuni, inalia kiiii hadi meno yanauma, na mwanga wa dirishani ukiupiga ubao, nusu ya darasa wanaona dirisha badala ya herufi. Nilisimama pale nikajiona katika ubao wangu kama kwenye kioo cha kinyozi.

Tiba yake ndiyo najivunia. Chaki inahitaji uso wenye punje, na rangi inayong'aa huwa imezifunika punje zote. Nilikwangua ubao mzima kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kipande kidogo cha mbao, hadi mng'ao ukafa. Nikakusanya vipande vya chaki vilivyobaki madarasani, nikavitwanga kwenye kinu, nikachekecha kwa kitambaa cha kanga hadi ukapatikana unga laini kama poda. Nikachanganya kikombe kimoja cha unga huo kwa kila lita ya rangi ileile, na mafuta ya taa kidogo ili ipakike. Unakoroga kila baada ya dakika chache, la sivyo unga unatua chini ya kopo na mkono wa mwisho unang'aa tena. Mikono miwili, ya kwanza ikauke siku nzima kabla ya ya pili. Lita moja ilitosha na ikabaki.

Hapo wengi wanakosea: wanaandika siku inayofuata. Subiri siku tatu. Halafu, kabla ya herufi yoyote, lisha ubao chaki: laza chaki ubavu, paka ubao mzima uwe mweupe, futa kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, neno la kwanza utakaloandika litabaki kama kovu. Darasa la jirani lina "Jumatatu" ambayo imekuwa Jumatatu mwaka mzima.

Sasa kusoma. Kiswahili kina huruma, kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo usipoteze mwezi kwenye majina ya herufi. Nilianza na irabu, kisha m, k, t, l, n. Konsonanti tano mara irabu tano ni silabi 25, na kwa hizo tu mtoto anasoma kalamu, kiti, meno, moto, tatu, kisha anasoma "Mama analima mtama" na "Kuku amekula mtama". Hiyo ni hadithi kamili, na mgogoro ndani yake. Angalizo: m ya "mtama" na "mtoto" husimama peke yake kama silabi. Usipoionyesha mapema, watoto watasoma "mutoto" na utadhani ni lafudhi.

Mtego mkubwa ni wimbo. Ma me mi mo mu watoto wanaikariri kwa siku mbili, darasa zima linaitikia, mkaguzi akipita anatabasamu. Mimi pia nilitabasamu, hadi nilipoona wengi wanaitikia huku wanamwangalia mbuzi nje. Walikuwa hawasomi, walikuwa wanaimba. Hapo ndipo katoni lilipopata kazi. Nilikata kipande cha ukubwa wa daftari kubwa, katikati nikatoboa dirisha la kutosha silabi moja, nikalitembeza juu ya chati ya silabi. Linaficha safu nzima, inabaki "ko" peke yake. Wimbo hauna pa kushika. Kati ya watoto 137 waliokuwa "wanajua" safu ya k, waliosoma ko kupitia dirishani hawakufika thelathini. Toka siku hiyo dirisha lilitembea chini kwenda juu, kulia kwenda kushoto, kuruka safu, na baada ya wiki chache watoto wakawa wanagombea kulishika wao.

Chati zenyewe niliandika kwenye salfeti za mahindi zilizofuliwa na kupasuliwa. Manila inachanika na mvua ikivuja inakuwa uji. Salfeti unaikunja, unaifua. Ila maka peni hupauka kwenye jua. Tumia ile rangi iliyobaki na kijiti.

Kuandika tulifanyia nje, mchangani. Mchanga mkavu sana unaporomoka na herufi inajifuta yenyewe, uliolowa sana unaganda kidoleni. Kopo la nusu lita la maji kwa ndoo ya lita 20, changanya, ukifinya unashikamana na ukiachia unapasuka. Mistari ya watoto kumikumi, hatua moja kati ya mtoto na mtoto. Mwalimu apite nyuma yao, kwa sababu ukisimama mbele unasoma kila kitu kichwa chini na utaona b ni q. Na fanyeni kabla ya saa tatu asubuhi. Jua likiwa bado chini linalala ubavuni mwa michirizi, kila herufi inapata kivuli chake, unaiona kutoka mbali. Saa sita kivuli kinakufa, na uwanja unabaki mchanga mtupu hata kama watoto wote wameandika vizuri.

Mzee mmoja wa kamati ya shule alikuja kuangalia akauliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha elimu si inaondoka?" Nikamjibu, "Mzee wangu, ndiyo raha yake, usiku sina daftari 137 za kusahihisha." Alicheka, lakini kikao kilichofuata akataka kuona daftari. Kwa hiyo Ijumaa tuliandika kwenye daftari. Penseli ilikatwa vipande viwili, zikachongwa na mwalimu kwa wembe (wembe usimpe mtoto), zikahesabiwa wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya. Usipohesabu, ndani ya mwezi mmoja unafundisha ususi wa vikapu.

Vizibo vya soda vilitoka kwenye maduka ya kijijini na kwenye harusi. Vinanyooshwa kingo kwa nyundo visikate vidole, silabi moja inaandikwa ndani. Kundi la watoto kumi linahitaji vizibo kama sitini: silabi 25 mara mbili, irabu na m za ziada, kwa sababu "mama" inakula ma mbili na "kaka" ka mbili. Unataja neno, wanalipanga chini. Ambaye hajui anaonekana mara moja, hana wa kumfuata kwa sauti.

Suala la lugha. Niliambiwa kwa ukali nisiruhusu Kisukuma darasani hata neno. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani akijua minzi hajui kwamba ukisema maji unataja kitu kilekile, na silabi ma-ji kwake ni kelele mbili. Wiki mbili za mwanzo nilifundisha amri kumi na mbili kwa vitendo: kaa, simama, njoo, lete, futa, onyesha na nyingine za aina hiyo, mwalimu akifanya kwanza, na mtoto mkubwa wa darasa la tatu akinitafsiria palipokwama. Na nilipofika kwa "wabeja" (asante kwa Kisukuma) yangu ya kubahatisha, walicheka na woga ukaisha.

Kisukuma kilinisaidia tena kwenye ng'. Walimu wengi wanaiacha mwisho kwa kuogopa ile ritifaa. Watoto hawa sauti ile wanayo tangu utotoni, wanakaa na ng'ombe, kwa hiyo nilifundisha ng' kabla ya ng na haikuchukua hata siku mbili. Kinyume chake ni r. Kisukuma hakina r, mtoto anasoma "kalatasi" akiwa amesoma sawasawa kabisa. Usimkatize. Msahihishe anapoandika, siyo anaposoma, na r iache hadi l ikae, vinginevyo utachanganya zote mbili.

Mahudhurio yalipanda na kushuka na shamba. Wakati wa mvua, hasa Januari hadi Machi, kuna siku nilikuwa na watoto sabini. Kulalamika hakusaidii. Jumatatu yote ilikuwa marudio, na kila wiki mbili nilipima kila mtoto peke yake kwa dirisha, kama dakika moja kila mmoja, kwa siku tatu, wengine wakinakili. Kisha nikawapanga upya: wa irabu, wa silabi, wa maneno, wa sentensi. Mtoto aliyekosa wiki tatu anarudi kwenye kundi lake, haanzi upya wala haburuzwi.

Hadi mwezi wa kumi na moja, watoto 94 walisoma sentensi ambazo hawakuwahi kuziona. Waliobaki wengi walikuwa kwenye maneno, na kumi na kitu bado walikuwa wanapambana na silabi, wengi wao wale wa kuchunga.

Niliacha ndoo mbili za vizibo, salfeti nne na dirisha. Dirisha la kwanza lilichakaa kingo, kwa hiyo kateni kama matano mapema. Na vizibo vya m iliyo peke yake andikeni vingi, maana kila neno linazitaka na ndizo zinazopotea kwanza.