Mpwa wa Paulo na Barabara ya Mandera

Bwana asifiwe, wapendwa.

Fomu za safari yetu ya Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, zimerudi karibu zote: aina ya damu, simu ya jamaa wa karibu, sahihi ya mzazi au mwenzi. Mama mmoja aliishika kalamu kwa muda mrefu kabla ya kumtilia sahihi bintiye, wala hakuna aliyemharakisha. Anayekumbuka Novemba 2014, abiria 28 waliposhushwa kwenye basi karibu na Mandera wakauawa kwa kutokuwa Waislamu, hahitaji kuelezwa mama huyo anaogopa nini.

Somo letu wiki hii ni Matendo 21 hadi 23. Njia nzima Paulo anaonywa kuhusu Yerusalemu. Nabii Agabo anautwaa mshipi wa Paulo, anajifunga nao mikono na miguu. Ndugu wanalia, naye anakwenda. Mahubiri mengi huishia hapo, tukabaki na Paulo shujaa. Hebu someni mpaka 23:16. Watu zaidi ya 40 wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue, na anayezipata habari za njama hiyo ni mpwa wake, kijana ambaye hata jina hatupewi. Paulo hakumjibu kwamba yeye alikwisha kujitoa kufa. Alimwita akida, kijana akapelekwa kwa jemadari, na saa tatu ya usiku Paulo akatolewa mjini na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Aliyemwokoa alikuwa ndani ya mji uleule walioulilia ndugu.

Ndiyo maana huniuma nikisikia kwenye kesha tukiomba kana kwamba tunaingia tundu la simba. Desemba 21, 2015, upande wa El Wak, wauaji walisimamisha basi jingine la Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama walivua hijabu zao wakawapa wenzao Wakristo wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Hao ndio majirani tunaokwenda kuwatembelea.

Basi wenyeji wetu wakisema tulale Wajir, tutalala Wajir. Wakisema turudi, tutarudi, na asisimame mtu kusema imani imepungua. Tutasafiri mchana, ndani ya msafara wenye polisi, na tutashukuru kwa kila askari.

Jumatano tunafunga. Tusiombe kufika salama tu. Tuwaombee walimu na wauguzi waliobaki kule wengine walipohama, jamaa ya mwalimu Salah, na vijana wanaorubuniwa na kundi la kigaidi la Al-Shabaab. Akina dada, bebeni leso ndefu. Ambaye hajarudisha fomu amwone mzee wa kanisa kabla ya ibada ya Jumapili.